Shamba Lisilo na Makaburi

Mastura ndiye aliyesema nijaribu gemu kwanza, shamba baadaye. Alisema hivyo mwezi wa nne, tukiwa kazini Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, yeye akipanga kadi za harusi kwenye kompyuta, mimi nikitafuta vina vya beti mbili ambazo familia ya bwana harusi ilitaka ziwemo ndani ya kadi. Duka letu ni steshenari ya kawaida: fotokopi, picha za pasipoti, mabango, ratiba za mazishi. Mastura anachapa, mimi natunga. Kutunga hakuna aliyenifundisha. Nilianza kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nahesabu kila kitu: ngazi za kanisa, vigae vya ukutani, hatua za kutoka dukani hadi barabarani. Na sipendi kuambiwa kwamba kuna kitu siwezi.

Nilikuwa nimeambiwa. Baba alifariki mwaka uliopita, mwezi wa nane, akaacha kibanja Ijumbi. Kibanja kwetu ni migomba na kahawa iliyoizunguka nyumba, na waliokilima huzikwa humo humo, katikati ya migomba yao. Mama alitangulia na mimi nilizaliwa peke yangu, kwa hiyo siku ya kumaliza msiba nilitajwa mrithi. Lakini Mzee Kyaruzi, mkubwa wa ukoo, aliniangalia viatu, akasema mrithi wa jina anaweza kuishi popote, mrithi wa kibanja hawezi. Wangesubiri mwaka mmoja. Shangazi Adventina, dada yake baba, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, angekitunza kwa muda. Mwaka ukiisha wangekaa tena: ama nakichukua kwa mikono yangu, ama kinakwenda kwa Aristides, mtoto wa baba mdogo, anayelima Kishanda. Kuhusu Aristides kila mtu anasema ana mkono. Kuhusu mimi walisema naandika vizuri.

Nilimweleza Mastura haya kwa hasira, kwa mara ya tano nadhani. Alinisikiliza bila kuacha kuchapa.

"Gama, wewe unakitaka hicho kibanja, au unataka Aristides asikipate?"

Nilimwambia ni kitu kimoja.

"Si kitu kimoja," alisema, akanisukumia simu yake juu ya meza. "Jaribu hii. Ukiona kulima kwa kidole kunakuchosha, usiende kumsumbua shangazi yako."

Ilikuwa gemu ya kulima. Unapewa kipande cha ardhi pembeni ya kijiji, jembe, ndoo na mbegu chache. Ardhi yote imekatwa vyumba vidogo vya mraba. Siku ya humo ndani hupita kwa dakika kama kumi na tano, na juu ya skrini kuna mstari wa kijani unaoonyesha nguvu zako. Kila ukilima na kila ukitembea unapungua, ukiisha unakwenda kulala. Mmea ukiwa na kiu hugeuka njano. Unaumwagia maji, unarudi kijani. Kuna majirani pia, muoka mikate, mwalimu, fundi wa mitumbwi, ambao unaweza kuwapelekea zawadi au kuwasalimia tu ukapita.

Mastura alikuwa ameicheza miaka miwili. Nikategemea kuona ufalme. Nikaona mbuzi wawili, bustani ya maua, mistari minne ya karoti, na nyumba ambayo aliipaka rangi upya kila alipojisikia. Siku nyingine hakulima kabisa. Alimpeleka mtu wake akakaa kando ya mto, akamsikiliza fundi akigonga mtumbwi, siku ikaisha.

"Miaka miwili," nilisema, "na bado mbuzi ni wawili?"

"Nawapenda hao hao."

Nilicheka sana. Babu yake alitoka Tanga, yeye mwenyewe amezaliwa Bukoba, bahari hajaiona hata kwa bahati mbaya, na mimi humwita Mswahili wa ziwani. Nilimwambia hiyo ndiyo shida ya Waswahili wa ziwani, kazi hamuimalizi. Yeye akanijibu kwa jina ambalo nchi nzima hutuchekea nalo Wahaya, eti kila mmoja wetu lazima aseme amesoma.

"Haya, nshomile. Tuonyeshe."

Niliiweka kwenye simu yangu siku ile ile. Shamba langu nililiita Ijumbi. Nilicheza wakati wa chakula cha mchana na kila umeme ulipokatika, na sikucheza kwa kubahatisha. Nilihesabu. Nilijua hatua moja inakula nguvu kiasi gani, ndoo moja inatosha vyumba vingapi, zao lipi linakomaa siku ngapi. Niligundua kwamba anayetembea ovyo anapoteza theluthi ya siku yake, kwa hiyo nililima mistari: naanza kona ya kushoto, nakwenda hadi mwisho, nageuka, narudi, nageuka, bila kurudia hatua hata moja. Ukimaliza kazi ya siku kabla ya nguvu kuisha, tarumbeta ndogo inalia na nyota inaongezeka mlangoni kwako. Katika wiki tatu nilikuwa nimempita Mastura. Katika wiki sita nilikuwa na nyota nyingi kiasi kwamba mlango wenyewe hauonekani.

Kila tarumbeta ilipolia, Mastura alisema bila kugeuka, "Nshomile amepewa cheti kingine."

Siku moja alinieleza kwa upole kwamba gemu ile haimfai kila mtu. Inamfaa anayeweza kukaa mahali bila kushinda. Anayetaka kushinda ataimaliza, kisha atabaki anaizunguka kama mtu aliyekula ugali wote na sasa anakwangua sufuria. Nikamwambia anajifariji kwa sababu ya mbuzi wawili. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri. Gemu inanifaa, na kama gemu inanifaa, shamba litanifaa. Nikaomba ruhusa ya wiki mbili, na mwezi wa sita, kiangazi kilipoanza, nikapanda gari hadi Muleba na pikipiki kutoka hapo.

Shangazi Adventina alinipokea kwa maji ya kunawa na sahani ya ndizi, akaniambia "karibu tata", yaani baba kwa Kihaya, kama anavyoniita tangu utotoni. Tulipomaliza kula nilimwonyesha simu. Nilitaka ajue sikuja mtupu. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu, Shangazi."

"Pasafi." Alitazama kwa muda mrefu. "Mgomba uko wapi?"

Nilimwambia migomba humo haipo, wenye gemu ni wa nchi za baridi.

"Na makaburi?"

"Hakuna, Shangazi. Humo hafi mtu."

"Basi mnajuaje kwamba ni penu?"

Alinirudishia simu na kuinuka kwenda kulisha mbuzi. Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kama unavyouliza mlango wa nyumba uko upande gani.

Kesho yake alinifundisha kazi. Nilijua kidogo ya utotoni, lakini niliondoka mapema kwenda kusoma bweni, na mkono husahau. Alinionyesha kwamba kila shina la mgomba linaachiwa watatu tu, mama, binti na mjukuu, machipukizi mengine yanaondolewa. Majani makavu yanakatwa na kutandazwa chini. Ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu halikatwi kwa chuma, linavunjwa kwa kijiti chenye panda. Na muhoro, lile panga letu lenye ncha iliyopinda, ukimaliza shina moja unaupeleka motoni kabla ya kugusa la pili. Mnyauko ulikuwa umeshaingia kwa majirani wawili. Ni ugonjwa unaosafiri kwenye chuma, alisema. Unakata mgomba mgonjwa, unakata mzima, umeshaua yote miwili. Wengine wanasafisha kwa jiki. Yeye aliamini moto. Mafiga yake matatu yalikuwa ukingoni mwa kibanja upande wa jikoni, na yalikuwa na kaa la moto tangu asubuhi.

"Kila shina, moto," alisema.

"Kila shina, moto," nikarudia.

Tulifanya pamoja siku mbili. Tulimaliza mashina kumi na manne. Alikuwa akisimama mbele ya kila shina kama mtu anayesalimia, analizunguka, anagusa, anafikiri nani abaki. Halafu safari ya motoni. Halafu anakutana na jirani kwenye ua, wanazungumza habari za binti ya fulani. Nilikuwa nahesabu. Kutoka upande wa chini wa kibanja, kwenye mfereji, hadi kwenye mafiga ni hatua arobaini, kwenda na kurudi themanini. Kwa mwendo ule tungemaliza mwezi wa tisa.

Siku ya tatu Shangazi alikwenda kwenye mazishi kijiji cha pili. Alikoleza moto akaondoka saa mbili asubuhi. Nilishika muhoro nikateremka hadi mfereji, kona ya kushoto, na kuanza.

Nataka nilieleze hili bila kujipendelea. Mashina kumi na moja ya kwanza niliyafanya kama alivyosema, moto kila shina. Shina la kumi na mbili lilikuwa na majani ya njano. Nikalitazama, nikaona ni kiu, kiangazi kimeanza, hata mtoto angeona. Nikalipogoa majani mabaya, nikaondoa machipukizi mawili, kisha nikachota maji bombani na kulimwagia ndoo nne. Nilijisikia vizuri sana nilipokuwa nalimwagia. Halafu nikatazama jua, nikaona nguvu zangu na siku haviendi sambamba, nikaamua moto uwe kila baada ya mashina matano. Nilikwenda mistari: mwisho wa kibanja, nageuka, narudi. Nilipokwenda kula mchana moto ulikuwa umezimika. Sikuuwasha.

Hadi saa kumi na moja jioni nilikuwa nimefanya mashina arobaini na moja. La mwisho lilikuwa hatua tatu kutoka kaburi la baba. Hakuna tarumbeta iliyolia, lakini mimi niliisikia.

Shangazi alirudi, akavua viatu vya msibani, akazunguka kibanja. Akasema, "Umefanya kazi, tata." Kwa mtu kama yeye hilo ni neno kubwa. Nikapiga picha, nikamtumia Mastura.

Siku mbili baadaye Aristides alikuja kutoka Kishanda kunisalimu. Ni mtu mfupi, hana haraka, mikono yake mizito kama mbao. Alikuja na muhoro wake mwenyewe ameufunga kwenye gunia. Nilimwona anatazama upande wa chini, anatazama machipukizi niliyotupa, na nilisubiri aseme kitu. Akasema mistari yangu imenyooka. Akaomba afanye mashina mawili matatu, mkono usilale. Akafanya manne upande wa juu, kwa muda ambao mimi ningefanya kumi, akanywa chai, akaondoka. Nilirudi Bakoba nikiwa na uhakika kabisa.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Shangazi alipiga simu. Mnyauko umeingia. Mashina kumi na tisa, na ukikata mgomba unatoka usaha wa njano. Hakulia. Alisema watu wanasema ni muhoro wa Aristides, kwa kuwa Kishanda alikotoka uliwapiga mwaka jana, na Mzee Kyaruzi amekasirika.

Nilipokata simu nilimwambia Mastura kwamba nilijua, yule wa Kishanda anajifanya mtulivu kumbe analeta ugonjwa kwa watu.

"Aligusa mashina mangapi?" aliuliza.

"Manne."

"Na yaliyougua?"

"Kumi na tisa."

Mastura alinitazama kidogo, akarudi kwenye kadi yake. Sikupenda alivyorudi kwenye kadi yake.

Kikao kiliwekwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Nilifika Ijumbi asubuhi, kabla ya wazee, na kwa kuwa Shangazi alikuwa anapika nikateremka peke yangu hadi mfereji. Nilitaka kuuona ubaya wa Aristides kwa macho yangu.

Mashina manne aliyoyagusa yeye upande wa juu yalikuwa ya kijani, mazima. Nikaendelea kushuka. Kona ya kushoto palikuwa pazima, nikahesabu bila kukusudia: moja, mbili, hadi kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa limeanguka, limeoza, udongo wake bado mgumu pale nilipomwaga maji. La kumi na tatu limekufa. La kumi na nne limekufa. La kumi na tano limesalimika. Nikafuata. Ugonjwa ulikwenda hadi mwisho wa kibanja, ukageuka, ukarudi, ukageuka tena.

Kibanja hakina mistari. Migomba husimama ilipojisikia kusimama, na hakuna mtu Ijumbi nzima anayekilima kwa kwenda na kugeuka kama anayepiga pasi shuka. Anazunguka, anarudi, anafuata kivuli. Mtu mwingine yeyote angetazama pale angeona migomba mibovu tu. Mimi niliona njia yangu. La mwisho lililougua lilikuwa hatua tatu kutoka kaburi la baba.

Wazee walikaa sebuleni, nyasi mpya zimetandazwa sakafuni, buni za kutafuna zikapita mkono kwa mkono. Walikuwa sita. Aristides alikaa karibu na mlango, Shangazi kwenye mkeka. Mzee Kyaruzi aliomba sala fupi, kisha akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasubiri mwaka mzima. Alisema walikuwa na mashaka na Gamaliel, wasimfiche, lakini Gamaliel alikuja, alishika muhoro, alifanya kwa siku moja kazi ya wiki. Na yule waliyemtegemea ameleta mnyauko kwenye kibanja cha marehemu. Mambo yamejieleza. Kibanja kibaki kwa mwana wa mwenyewe.

Aristides aliongea mara moja tu, akianza kwa neno letu la heshima kwa wakubwa. "Waitu, mimi muhoro wangu naupitisha motoni hata nikikata majani ya mbuzi."

Wazee wakaendelea kutafuna buni. Yeye akatazama nyasi.

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli kwa sababu mimi ni mtu mwema. Sivyo. Nilikaa pale na buni mdomoni, nikawaza kwamba nimeshinda, na ushindi ule ulikuwa na ladha ya kitu nilichookota. Kama kuna siku nitampita Aristides, nataka nimpite yeye, si uongo aliofungiwa shingoni. Kiburi changu kilikataa kupewa. Ndicho kilichonisimamisha.

"Mzee," nilisema, "ni muhoro wangu."

Nilidhani maneno hayo yatatosha. Hayakutosha. Mzee Kyaruzi alisema ni vizuri kumtetea ndugu, nikae. Ikabidi niwatoe nje wote sita, na fimbo zao, hadi kwenye mfereji, niwatembeze. Nilianzia hapa. Haya kumi na moja nilipeleka moto. Hili nililikuta la njano. Kutoka hapa nilikwenda kule, nikageuka. Wazee walinifuata nyuma kwa mstari, wakigeuka nilipogeuka. Kwenye mgeuko wa pili hakuna aliyehitaji kuelezwa tena.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye shina la kumi na mbili.

"Moto niliuacha unawaka."

"Ulizimika mchana, Shangazi. Sikuuwasha."

"Na hapa kwa nini palilowa siku ile?"

"Nilidhani mgomba una kiu."

Halafu Aristides, ambaye kwa wiki mbili alikuwa ameitwa muuaji wa kibanja, akauliza polepole, "Uliumwagia maji mnyauko?"

"Ndoo nne."

Alicheka. Alijaribu kujizuia, akashika mti wa kahawa, akacheka hadi akakaa chini, na mzee mmoja akaanza naye. Nilisimama pale uso unawaka. Nimechekwa mara nyingi maishani lakini sijawahi kuchekwa na mtu mwenye haki kiasi kile.

Mzee Kyaruzi hakucheka. Tuliporudi ndani alisema kibanja hakiendi kwa mtu leo. Mashina yaliyougua yang'olewe na mizizi yake, na pale chini usipandwe mgomba miezi sita. Yapandwe maharage na viazi mpaka ugonjwa ufe udongoni. Ardhi ikiruhusu mgomba, kikao kitakaa. Kuhusu mimi, akasema anayeng'oa ni mimi. Kuhusu nani atanisimamia, hakuuliza mtu. Alimnyooshea Aristides kidole.

"Utakubali?" aliniuliza.

Niseme ukweli, nilikuwa na majibu mawili mazuri ya kukataa, yote yana vina. Nikasema, "Ee, waitu."

Jumatatu nilimweleza Mastura kila kitu, hata zile ndoo. Alikuwa na adabu ya kucheka akiwa amegeukia ukutani. Kisha nikaitoa simu, nikamwonyesha Ijumbi ya humo ndani, yote ya kijani, nyota zimefunika mlango, na nikaifuta mbele yake.

"Sasa hiyo kosa lake nini?" aliuliza. "Haikukwambia wewe uzime moto."

Ni kweli. Nilimwambia gemu haina kosa. Ni nzuri, na kwa mtu kama yeye inafaa, maana yeye anaingia humo kukaa, anatoka amepumzika. Mimi naingia kutafuta tarumbeta. "Hainifai," nilisema. "Inanisifu mno."

"Na kibanja?"

"Kibanja hakijanisifu bado."

Alifikiri, akasema ni huzuni kwa mbuzi wangu. Nilikuwa nao ishirini na wanane, na kwa kweli sikumbuki sura ya hata mmoja.

Tangu hapo Jumamosi zangu ni za Ijumbi. Jumamosi ya kwanza Aristides alifika kabla yangu. Alinipa jembe na muhoro, akaketi juu ya gogo, akaanza kunisimamia kwa namna inayoudhi kuliko matusi: hakusema kitu. Nilichimba shina la kumi na mbili nikang'oa tunguu lake lote, jeusi, linanuka. Nilipomaliza niliinua macho kulitafuta la pili.

Aristides alikohoa.

Nikachukua muhoro na jembe, nikapanda hatua arobaini hadi kwenye mafiga. Shangazi alikuwa pale, amekoleza moto. Aliushika ule muhoro kwa mpini, akaugeuza juu ya makaa upande huu na upande ule, bila haraka, akaniuliza habari za Mastura, kama anaendelea vizuri, kama wale mbuzi wake wawili, niliomsimulia habari zao, bado wapo. Nilimwambia wapo. Alifurahi kweli. Akanirudishia muhoro, nikateremka.

Jioni Mastura alinipigia kuuliza nimefanya mashina mangapi. Nikamwambia sita, au saba. Aliuliza ni sita au ni saba, na mimi nikageuka kutazama kule chini kwenye mfereji, kwa sababu sikuwa nimehesabu.